Mpangilio wa Nyuzi
Mpiga gita wa Kamina aliyesomea muziki kwa Kifaransa ana neno moja, akordi, linalobeba mambo mawili: noti zinazolia pamoja, na sauti ambazo nyuzi sita zimepewa kabla ya kidole kubana popote. Kamusi za Kiswahili zinatupa kitenzi kulinganisha. Hicho kinatosha kwa kazi ya kurudisha uzi uliolegea mahali pake, ila hakisemi mahali penyewe ni wapi. Hapo ndipo napendekeza mpangilio wa nyuzi. Ule uliozoeleka, kuanzia uzi mnene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Ukishusha uzi wa sita, wa tano na wa kwanza toni moja moja, unapata re, sol, re, sol, si, re, na gita linatoa akordi nzima ya sol bila kubanwa. Sasa tunaweza kusema bila utata kwamba gita limelinganishwa barabara, lakini katika mpangilio mwingine.

Wengine wataupendelea mpangilio mbadala. Mimi nasita, maana mbadala ni kitu cha kushika nafasi ya kingine, na nyimbo nyingi za folk rock zilizaliwa ndani ya mipangilio hii hasa. Joni Mitchell wa Kanada aliugua polio mwaka 1953, mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Alitunga kwa mipangilio kadhaa ambamo nyuzi zilizo wazi hubeba kazi ya vidole. Mwingereza Davey Graham, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliutangaza mpangilio wa re, la, re, sol, la, re baada ya kusikia muziki wa Moroko. Basi tuutaje kila mmoja kwa noti zake.

Pingamizi zito linatoka hapahapa Katanga. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na kualikwa tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, alipiga “Masanga” katika mpangilio wa kawaida, kwa kidole gumba na cha shahada tu. Je, istilahi hii ina kazi gani kwetu? Ina kazi kubwa. Wimbo ule uko katika do, na nyuzi wazi za mi na sol ni za akordi ya do. Mpangilio wa kawaida unamfaa kwa sababu hiyo. Uhamishie fa: uzi wa sita ukiachwa wazi utagombana na wimbo, ila ukipandishwa nusu toni, gumba linapata besi yake bure. Kapo haitoi msaada huo, kwani hupandisha nyuzi zote kwa kiasi kilekile na uhusiano wake haubadiliki. Wanarumba wa Kongo nao walishaona haja ya jina: gita ambalo uzi wake wa re umebadilishwa kwa uzi mwembamba unaolia oktava moja juu, wao huliita mi-composé.