Uzi: Je, ni upepo uliotuzimia stima?

Kila stima ikipotea nchi nzima, mjadala huwa ule ule. Mmoja anasema upepo hautabiriki, mwingine anasema ni hujuma. Mimi niko Mutuini, na asubuhi isiyo na ukungu tunaona mapangaboi ya Ngong kule juu ya vilima. Ni majirani zetu, kwa hivyo wacha niwatetee kidogo.

Yalianza mawili tu, 1993, msaada wa Ubelgiji. 2009 Ngong ikafika megawati 5.1, baadaye 25.5. Hizo zikipungua hakuna anayeshtuka. Mambo yalibadilika na mradi wa Ziwa Turkana kule Loiyangalani, Marsabit: mapangaboi 365, megawati 310. Yalikuwa tayari 2017, lakini laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja 2018. Gharama ya kungoja huko ni uzi mwingine kabisa.

Sasa hesabu. Nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikishuka kutoka mita 8 kwa sekunde hadi 7, karibu theluthi ya nguvu imeenda. Ndiyo maana ukikosea utabiri kidogo, gridi inakosewa sana. Kwa saa moja ijayo, njia ya kizamani ni kusema tu "itakuwa kama sasa hivi", na amini usiamini, ni ngumu kuishinda. Ukitaka ya kesho, lazima modeli za hali ya hewa. Kwa makisio hayo, wanaosimamia gridi huamua mabwawa ya Mto Tana yaongeze au yapunguze.

Na Turkana si upepo wa kubahatisha. Mkondo wake hupita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, tena huvuma zaidi usiku na alfajiri. Shida ni sisi: stima tunaitaka sana jioni, saa moja hadi saa tatu hivi. Usiku wa manane upepo umejaa, watu wamelala, na Olkaria mvuke unaachiliwa hewani bure. Hapo ndipo ningetaka tupigie kelele.

Turudi Ijumaa, 25 Agosti 2023. Giza karibu kila mahali, hadi JKIA. Kenya Power ikasema mtambo wa Turkana ulitoka kwenye gridi. Wenye mradi wakajibu kwamba volteji ya gridi ndiyo ilipanda ikawatoa. Soma tena pole pole: hakuna upande uliosema upepo ulitulia. Upepo hupungua kwa dakika na masaa; mtambo kukatika ni sekunde. La kwanza linatibiwa na utabiri. La pili linataka akiba inayojibu papo hapo, na laini ambayo si ya pekee. Kwa hivyo mtu akisema kwenye TV kwamba "upepo ulituangusha", muulize: anaongelea dakika au sekunde?