Gredi katika Biashara ya Pamba Simiyu

Gredi ni neno la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelipa kazi kadhaa. Shuleni ni alama ya mtihani. Barabarani limezaa greda, mashine ya kusawazisha njia za vumbi. Kwa wakulima wa Nkoma, kata ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, gredi ni kwanza daraja la pamba, zao ambalo Wasukuma huliita buluba.

Tangu enzi za Waingereza pamba ya mkulima imegawanywa katika madaraja mawili. Gredi A ni pamba safi: nyeupe, kavu, isiyo na majani wala mchanga. Gredi B ni pamba fifi, iliyonyeshewa au kutiwa madoa na kangambili, mdudu anayetoboa kitumba ili afyonze mbegu na kuingiza ukungu unaogeuza nyuzi kuwa za manjano. Kwa kuwa pamba huvunwa kwa mkono, kutenganisha huanza shambani: safi huwekwa peke yake, fifi peke yake. Nyumbani huanikwa juu ya chanja na kupekuliwa tena kabla ya kupelekwa sokoni.

Kabla ya ushirika, wanunuzi walikuwa wenye viwanda vya kuchambua pamba, wengi wao Wahindi. Mkulima angeweza kupunjwa mara mbili: kwenye mizani, kisha kwenye gredi, pamba safi ikiitwa fifi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliweka wapimaji wao wenyewe penye ununuzi. Mwaka 1955 shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, liliandikishwa, na kufikia uhuru pamba ya kanda ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya msingi vya ushirika.

Serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na kukabidhi zao kwa Mamlaka ya Pamba. Vilirudishwa katikati ya miaka ya 1980. Katika vipindi vyote hivyo gredi mbili zilibaki. Kilichozitikisa ni soko huria la mwaka 1994. Kampuni nyingi ziligombea pamba ileile, na mnunuzi aliyeikataa fifi alijua kuwa mwenzake angeichukua. Ikanunuliwa yote kwa bei moja, na gredi B ikatoweka kwenye mizani. Aliyepekua pamba yake hakupata zaidi ya aliyechanganya, na wengine wakaongeza maji na mchanga ili uzito upande.

Katika misimu ya karibuni ununuzi umerudishwa kwa vyama vya msingi, yaani AMCOS, chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba, na kanuni zinadai tena madaraja mawili. Kiwandani tofauti hiyo huendelea hadi kwenye marobota: nyuzi za gredi A huuzwa kwa jina la AR, na za gredi B kwa jina la BR.