Matundu Chini ya Mlango

Kila Aprili mvua ikianza, gari ya Guka inanuka kama gunia la viazi lililosahaulika stoo. Ni Peugeot 504 ile ndefu, ya safu tatu za viti, na imeegeshwa nyuma ya nyumba yetu Nyahururu tangu Guka apate kiharusi. Mwaka huu ukikanyaga kapeti ya nyuma, maji yalikuwa yanakupandia kwa soksi.

Anko alikuwa ameshaongea na watu wa skrepa. "Mwisho wa mwezi inaenda kwa kilo," akasema. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, nimeacha chuo mwaka wa tatu, na hakuna aliyekuwa ananiuliza maoni yangu kuhusu chochote. Lakini nilisema: nipe hizo wiki nitafute maji yanaingilia wapi.

"Si ni milango tu," Anko akasema. "Raba zimekufa. Ziba na silikoni."

Kila mtu angesema hivyo. Kumbe mlango wa gari haukuwahi kuundwa uzuie maji yote.

Gari za kwanza hazikuwa na shida hii kwa sababu hazikuwa na madirisha ya pembeni. Mvua ikinyesha, ulifunga mapazia ya turubai ama ulilowa. Marekani mwaka 1919 gari nyingi zilizouzwa bado zilikuwa za wazi. Kufikia 1927 nyingi zilikuwa za kufungwa, zenye paa na vioo. Watu walitaka kioo kinachoweza kushuka chote ndani ya mlango. Sasa, kioo kikishuka lazima kuwe na mwanya juu ya bati, na penye mwanya maji hupita. Ile raba inayopangusa kioo inazuia mengi, haizuii yote.

Kwa hivyo waundaji wakakubali yaishe. Maji yataingia, kazi ni kuyapa njia ya kutoka. Wakaacha matundu madogo chini kabisa ya mlango. Halafu nyuma ya ule ubao wa ndani, unaoegemeza mkono, wakabandika karatasi ngumu au nailoni. Maji yakidondokea vyuma vya kupandisha kioo na kurukia upande wako, yanagonga hiyo nailoni na kuteremka. Ncha yake ya chini imeingizwa ndani ya bati, so yanarudi mlangoni na kutokea chini. Ni mtaro, basi.

Na Peugeot zilijuana na maji yetu mapema. Safari Rally ilianza 1953 na ilikuwa ikiendeshwa Pasaka, msimu wa masika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni gari 7 tu zilizofika mwisho, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa na Peugeot 404. Mwaka huo huo wa 1968 ndipo 504 ilipozinduliwa, na ilishinda Safari 1975 na 1978. Baadaye zikawa zinaunganishwa Mombasa. Mzee Kenyatta alikuwa ameruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, na kwa safari ndefu, 504 ya safu tatu ikawa ndiyo gari. Guka alibeba watu kati ya Nyahururu na Maralal mpaka Nissan za abiria 14 zikachukua njia. Baada ya hapo akabeba mboga.

Kwanza nilikausha kapeti juani siku mbili, maana huwezi kufuata maji mapya juu ya maji ya zamani. Kisha nikafanya jaribio la karatasi: unafunga mlango juu ya kipande cha gazeti, halafu unavuta. Likitoka bila kukaza, raba hapo imelala. Nilizunguka milango yote minne. Gazeti lilikaza karibu kila mahali, na kama ningemsikiza Anko ningenunua raba bure.

Nikatoa ubao wa mlango wa nyuma kushoto. Hakukuwa na nailoni, mabaki ya gundi tu. Fundi fulani alirekebisha kioo zamani, akaichana, hakurudisha. Binamu yangu akashika mpira wa maji, bila presha, akianzia chini na kupanda polepole, dakika kadhaa kila mahali. Mimi nikakaa ndani na tochi. Alipofika kwa kioo, maji yakaanza kushuka ndani ya mlango, ambayo ni sawa. Lakini hayakuwa yanatoka. Yalijaa kama karai mpaka yakafika kwa uwazi wa bati la ndani, yakamwagika kwa kapeti.

Nililala chini ya mlango na waya. Matundu yalikuwa yamezibwa, na si kwa matope wala rangi. Ilikuwa ni raba ya patipati, imekatwa vizuri kwa kisu, kipande kimoja kila tundu. Milango yote minne.

Nilimpelekea Guka kimoja. Maneno humtoka pole pole siku hizi. Alikigeuza na mkono wake mzima.

"Vumbi," akasema. "Ya Rumuruti."

Bibi ndiye alinimalizia. Barabara ya Maralal kiangazi ilikuwa inapandisha vumbi kupitia yale matundu hadi abiria wanashuka weupe. Kwa hivyo kila Januari Guka aliziba, na kila mwisho wa Machi, kabla ya mvua, alilala chini na kuchomoa moja moja. Mwaka 2016 aliziba kama kawaida. Akaanguka Februari.

Tulichomoa vyote. Maji yaliyotoka mlango wa dereva yalikuwa mekundu kwa kutu. Nilikata nailoni nzito, nikaibandika kwa gundi na kuingiza ncha ya chini ndani ya bati, jinsi ilivyokuwa. Mvua ya wiki iliyofuata ilipiga usiku kucha, na asubuhi kapeti ilikuwa kavu.

Sakafu upande wa kushoto bado imeoza, mkono unapita. Anko alikuja akaangalia, akapiga simu kwa watu wa skrepa, akawaambia wangoje hadi Agosti. Vile vipande vya patipati nimeviweka kwa kopo ndani ya gari. Januari ni mbali, lakini ni mimi nitaziba.