Wahitimu wa TAZARA wa mwaka 1975

Wahitimu wa TAZARA wa mwaka 1975 ni kundi la vijana 179 kutoka Tanzania na Zambia waliohitimu mwezi Septemba 1975 katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini mjini Beijing, China. Walisomeshwa kazi za reli ili wapokee uendeshaji wa reli ya TAZARA, inayoanzia Dar es Salaam, kupita Mbeya, Mlowo, Vwawa na Tunduma katika Mkoa wa Songwe wa leo, na kuishia New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Wengi wao waliajiriwa na TAZARA, na baadhi walipanda hadi nafasi za juu za uongozi.

Chanzo

Makubaliano ya kujenga reli hiyo yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967 na serikali za China, Tanzania na Zambia. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na mwezi Agosti 1973 reli ilifika Tunduma na kuvuka mpaka. Wakati huo Tunduma ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016.

Kulaza reli ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kupata watu wa kuiendesha, na hapo hali ilikuwa ngumu. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wahandisi wawili tu na madaktari kumi na wawili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, lakini kitivo chake cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 tu na kutoa wahitimu wa kwanza mwaka 1977. Reli ilikuwa ikabidhiwe kabla ya hapo. Kwa hiyo kusubiri wahandisi wa Mlimani hakukuwezekana.

Masomo Beijing

Mwezi Juni 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing. Neno "jiaotong" kwa Kichina lina maana ya usafiri na uchukuzi, na chuo hicho kilikuwa kinajulikana kwa elimu ya reli. Mwaka 2003 kilibadilishwa jina kuwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing.

Walifika katika kipindi kisicho cha kawaida. Mapinduzi ya Kiutamaduni yaliyoanza mwaka 1966 yalikuwa yamevuruga vyuo vikuu vya China, na wanafunzi wa kigeni walikuwa wamerudishwa makwao. Vijana hao wa TAZARA wakawa miongoni mwa wageni wa kwanza kupokelewa tena katika chuo kikuu cha nchi hiyo.

Miaka mitatu baadaye walihitimu 179. Mgawanyo wao kwa fani unaonyesha jinsi reli ilivyopangwa kugawana kazi: 45 walisomea usafirishaji, yaani upangaji wa safari za treni na kazi za stesheni, 41 walisomea injini, 25 fedha, 24 uhandisi wa njia ya reli, 23 ishara, na 21 mawasiliano ya simu. Anayedhani kuwa reli ni injini na dereva wake atashangaa kuona kwamba kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapangaji wa safari, na kwamba wahasibu walizidi kidogo wahandisi wa njia. Sababu yake inaeleweka. Reli ya TAZARA ni ya njia moja, hivyo treni mbili zinazokutana lazima zipishane stesheni, na kosa la mpangaji linaweza kuua watu.

Kurudi kazini

Reli ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia tarehe 14 Julai 1976. Wahitimu walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja tangu watoke chuoni. Mbele yao kulikuwa na kilomita 1,860 za reli, kati ya hizo 975 zikiwa Tanzania, pamoja na madaraja, mahandaki na mteremko mkali kati ya Mlimba na Makambako. Wataalamu wa Kichina waliendelea kubaki kama washauri, na idadi yao ilipungua kadiri miaka ilivyopita.

Wahitimu wa Beijing hawakuwa peke yao. Chini yao na pembeni yao walikuwapo maelfu ya wafanyakazi waliojifunza kazi kwa vitendo wakati wa ujenzi, wengi wao vijana wa vijijini waliomaliza shule ya msingi tu. Huko Mpika, Zambia, kulikuwa pia na chuo cha kufundisha mafundi na waendeshaji wa reli. Historia ya wafanyakazi hao imeandikwa na Mmarekani Jamie Monson katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo. Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ya madaraka: cheti cha chuo kikuu kilimfungulia kijana wa miaka ishirini na kitu mlango wa ofisi ambao fundi mwenye uzoefu aliweza kuusubiri maisha yake yote.

Majaribu hayakuchelewa. Mwezi Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la mto Chambeshi, Zambia, na njia ikakatika. Zambia haina bandari ya bahari, na reli hiyo ilikuwa imejengwa hasa ili shaba yake isilazimike kupita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi.

Tunduma na kazi ya mpakani

TAZARA ni mamlaka moja ya nchi mbili. Imegawanyika katika Mkoa wa Tanzania na Mkoa wa Zambia, wa pili ukiwa na makao yake Mpika, na mpaka wa mikoa hiyo ya reli uko Tunduma na Nakonde. Hapo ndipo fani zote sita za Beijing zilipokutana. Treni iliyovuka ilihitaji kupokelewa na mpangaji wa upande wa pili kwa simu na ishara zinazoelewana, na mzigo uleule ulihesabiwa katika shilingi upande mmoja na kwacha upande mwingine.

Kabla ya reli Tunduma ilikuwa kituo kidogo cha mpakani kwenye barabara kuu ya Zambia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 219,000 katika halmashauri ya mji huo. Ukuaji huo, hata hivyo, umeletwa zaidi na malori kuliko na treni.

Kubadilika kwa injini

Fundi aliyesoma mashine za aina moja hubebwa na mashine hizo. Injini za kwanza za TAZARA zilitoka China na zilipitisha nguvu kwa mfumo wa haidroliki. Nguvu yake haikutosha kwenye milima ya kusini, hasa kwa treni nzito za mizigo. Kuanzia mwaka 1983 ziliingia injini za dizeli na umeme zilizotengenezwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani kwa muundo wa General Electric ya Marekani. Wale 41 waliosomea injini Beijing walikuwa na miaka minane tu kazini pale ujuzi wao mkuu ulipoanza kupitwa na wakati. Njia yenyewe, yenye mataruma ya zege, haikubadilika, hivyo wenzao wa uhandisi wa njia hawakupata msukosuko kama huo.

Miaka ya 1990 na baadaye

Katika miaka yake mizuri reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini, mizigo ya Zambia ilipata njia za kusini tena, huku malori yakiongezeka katika barabara ya Tunduma. Wahitimu wa 1975 sasa walikuwa na umri wa kushika uongozi, lakini walichokishika kilikuwa shirika lenye mizigo inayopungua, upunguzaji wa wafanyakazi na, katika miaka ya 2010, migomo ya watu waliocheleweshewa mishahara.

Umri wa kustaafu kwa lazima Tanzania ni miaka 60. Aliyekwenda Beijing mwaka 1972 akiwa na miaka 20 alistaafu mwaka 2012. Katika mwaka wa fedha 2014/2015 TAZARA ilibeba takriban tani 88,000 tu. Haitakuwa haki kusema kwamba reli ilishuka kwa sababu wao waliondoka, kwani ukosefu wa injini na mtaji ulikuwa umeanza muda mrefu kabla. Lakini kundi lililosomeshwa pamoja lilistaafu pamoja, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa mwaka mmoja.

Mafunzo na uendeshaji wa sasa

Chuo kilekile cha Beijing kilianza kupokea wanafunzi wa Kenya mwaka 2016, wakilipiwa na kampuni ya Kichina iliyojenga reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Nchini Tanzania fani za reli hufundishwa pia katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, mwaka uleule waliohitimu vijana wa TAZARA.

Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia Beijing utiaji saini wa hati ya kuifufua reli hiyo. Mwaka 2025 ulifuata mkataba wa miaka 30 wenye uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4, ambao unaikabidhi kampuni ya Kichina ya CCECC kazi ya kuikarabati na kuiendesha.