Pumzi inayotoka: kutoka chokaa ya Kilwa mpaka kapnografu

Wasomaji wangu, nilipotea hapa kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mkaniulizia. Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji na mimi ndiye niliyepangiwa na ukoo kukaa naye wodini. Sasa yuko nyumbani, mzima, anagombana na wajukuu kama kawaida yake. Leo nataka niwasimulie jambo moja la usiku wa kwanza, halafu tuingie kwenye historia, maana jambo lenyewe limenifanya nisome sana.

Baada ya upasuaji shangazi alichomwa sindano ya mofini kwa ajili ya maumivu. Akawekewa mpira wa oksijeni puani, na kidoleni akabanwa kile kidude chenye taa nyekundu. Namba ilikuwa 97. Mimi nikatulia, nikajua mambo ni safi. Saa saba usiku akapita muuguzi wa zamu, mama mtu mzima. Ile namba hakuipa muda. Aliweka kiganja juu ya kifua cha shangazi, akatazama saa yake ya mkononi dakika nzima. Pumzi nane. Akamtikisa bega: "Mama, amka! Vuta pumzi. Vuta tena." Akaagiza daktari aitwe, na dozi iliyokuwa inafuata ikasimamishwa. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hiyo mashine inakwambia oksijeni iliyomo. Haikwambii kama anapumua."

Nilikuwa sijui kwamba hayo ni mambo mawili.

Kwa kifupi ni hivi. Tunapopumua tunaingiza oksijeni na tunatoa hewa ukaa, ile tuliyoiita darasani kabonidayoksaidi. Mofini, pethidini na jamaa zake hutuliza maumivu, lakini pia hutuliza sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Mgonjwa hapaliwi wala hatapitapi. Analala tu, pumzi zinapungua, hewa ukaa inajaa kwenye damu, na yenyewe ikizidi inamlaza zaidi. Kama amewekewa oksijeni puani, namba ya kidoleni inaweza kubaki nzuri kwa muda huku kupumua kwenyewe kukiwa kumekaribia kukoma. Ndugu aliyekaa pembeni anadhani mgonjwa amepata usingizi mtamu.

Kuna mashine inayotazama upande wa pili. Inaitwa kapnografu. Kifereji chembamba kinawekwa puani, kinanyonya hewa kidogo kutoka kila pumzi inayotoka, na mashine inapima hewa ukaa iliyomo. Kwenye kioo unaona mstari unapanda, unakwenda sambamba kidogo, unashuka, kama nyumba ya paa bapa. Kila nyumba ni pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya, kilele chake kinakuwa kati ya 35 na 45 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Nyumba zikianza kukaa mbalimbali, mgonjwa anazama. Mstari ukilala chini, ama mgonjwa hapumui, ama kifereji kimechomoka, na kwa vyovyote mtu lazima aende kuangalia. Hapo hakuna kusubiri oksijeni iishe mwilini.

Nilipoanza kutafuta habari za mashine hii sikutegemea kwamba ningerudishwa nyumbani Kilwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu ya chokaa.

Aliyewahi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani ameona zile kuta. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa kwenye karne ya 11 na kupanuliwa baadaye. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Majengo yale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Pwani yetu wanajua kazi hiyo: unapanga lundo la magogo, unaweka matumbawe juu yake, unawasha moto.

Kinachotokea ndani ya moto ule ni kwamba hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe inatoka na kupanda hewani. Inabaki chokaa. Ukiichanganya na maji ukapiga lipu, inaanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka hewani, taratibu kwa miaka, mpaka igeuke jiwe upya. Ndiyo maana kuta zile zimesimama. Mafundi wa Kilwa waliitumia kazi ya hewa hii karne nyingi bila kuhitaji kuipa jina.

Jina mojawapo lilitoka Scotland. Joseph Black alikuwa anasomea udaktari Edinburgh, akivutiwa na dawa za mawe ya kibofu. Maji ya chokaa yalikuwa mojawapo ya dawa zilizotumika. Mwaka 1754 aliandika tasnifu yake, na mwaka 1756 akachapisha majaribio yake kwa urefu. Alionyesha kwamba jiwe la chokaa likichomwa hupoteza uzito kwa sababu kuna hewa inatoka, hewa tofauti na hii ya kawaida. Akaiita hewa iliyofungwa. Kisha akapuliza pumzi yake ndani ya maji ya chokaa, na maji yakawa meupe kama tui. Jaribio hilo wengi wetu tulilifanya sekondari kwa mrija na glasi, tukacheka, tukaandika jibu la mtihani tukasahau. Kumbe hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha pumzi inayotoka. Mtu anayepumua huyageuza maji ya chokaa, na asiyepumua hayageuzi.

Lakini glasi ya maji ya chokaa huwezi kuiweka puani kwa mgonjwa usiku kucha. Hatua ya pili ilikuja London, ambako John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, aligundua kuanzia mwaka 1859 kwamba hewa ukaa hunyonya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Miaka ya 1860 miale hiyo ikatumika kupima hewa ukaa iliyomo ndani ya pumzi ya binadamu. Hatua ya tatu ilikuwa ya Mjerumani Karl Luft, ambaye mwaka 1943 alichapisha maelezo ya mashine ya kupima gesi mfululizo kwa miale hiyo hiyo. Ilitengenezwa kwa mahitaji ya viwanda. Madaktari wakaichukua baadaye. Mwaka 1975 Waholanzi Smalhout na Kalenda wakatoa kitabu kizima cha michoro ya kapnografu, ili mtaalamu wa usingizi aweze kuusoma ule mstari kama tunavyosoma maandishi. Mwaka 1986 hospitali za Harvard na chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani wakaweka kanuni za kumlinda mgonjwa aliyelala, na katika miaka iliyofuata kupima hewa ukaa kukawa jambo la kawaida kwenye vyumba vyao vya upasuaji. Mwaka 2011 kanuni za chama hicho zikaanza kudai kipimo hicho hata kwa mgonjwa anayelazwa nusu usingizi tu.

Sasa tujiulize, miaka yote hiyo sisi huku kusini tulikuwa wapi?

Wazee wetu usingizi wa hospitali wanauita nusu kaputi, na inaelezwa kwamba neno hilo lina asili ya Kijerumani. Mjerumani yule yule, Kilwa Kivinje, alimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mwembe wa kunyongea uliitwa Mwembe Kinyonga, na hospitali ya wilaya ya Kilwa inaitwa Kinyonga hadi leo. Nimepita hapo mara nyingi tangu utotoni bila kuwaza kitu. Siku hizi nikipita nawaza kwamba jina lililohusu kukatisha pumzi za watu sasa ni la nyumba inayozilinda.

Baada ya Uhuru kazi kubwa ya upasuaji wilayani ilibebwa na madaktari wasaidizi, ambao nchi ilianza kuwafundisha mwaka 1963, na usingizi ukabebwa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo. Walifanya kazi bila mashine za kisasa. Mazingira hayo ndiyo yaliyoamua dawa. Hospitali za namna hii Afrika nzima zilitegemea etha, iliyotolewa kwa chombo cha EMO kilichobuniwa Oxford miaka ya 1950, kisichohitaji umeme wala mitungi ya gesi. Kisha ikaja ketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970. Dawa hizi mbili zina sifa moja inayofanana: zikitumika vizuri, kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Kwa maneno mengine, pale ambapo hapakuwa na mashine ya kulinda pumzi, ulinzi ulikuwa ni kuchagua dawa isiyoigusa sana pumzi. Huo haukuwa ujinga wa watu wa wilayani, ilikuwa akili.

Hasara yake ilikuwa upande wa maumivu. Hofu ya kuzuia pumzi ni moja ya sababu zilizofanya wagonjwa wengi katika nchi kama zetu wakae na maumivu makali baada ya kupasuliwa, mofini ipo au haipo. Na kumpeleka mgonjwa mbele kwenye mashine nzuri zaidi nako kulikuwa na mambo yake. Wa Lindi na Kilwa tunakumbuka: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilisubiri kivuko cha Rufiji, na masika yakikolea ilikuwa unamwachia Mungu.

Kidude cha kidoleni, yaani oksimita, msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 kuzipeleka oksimita kwenye hospitali zisizonazo, na kuanzia mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, hata watu wa mtaani wakaifahamu. Ni chombo kizuri na kimeokoa watu. Kosa ni kuamini kwamba kinatosha.

Ushahidi upo, tena mwingine ni wa majirani. Huko Malawi zilipelekwa kapnografu 40 katika hospitali nane, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Katika miezi sita ya ufuatiliaji wataalamu waligundua mara 44 kwamba mpira wa kupumulia ulikuwa umeingia njia ya chakula badala ya njia ya hewa. Ni kosa linaloweza kumpata yeyote, na likichelewa kugunduliwa mgonjwa anakufa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine uliofanyika Marekani, Ulaya na Asia kwa wagonjwa 1,335 waliokuwa wodini wakipewa dawa za jamii ya mofini, huku oksijeni na hewa ukaa vikipimwa mfululizo. Asilimia 46 walipata angalau mara moja hali ya kupumua kupungua kupita kiasi. Hao walikuwa wodini tu, kama shangazi yangu, wala si chumba cha mahututi.

Tena msidhani ni habari ya mofini peke yake. Fikirieni wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha dawa hiyo inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ikizidi mwilini nayo inazuia kupumua. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unasema kabla ya kurudia dozi hakikisha mama anapumua walau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo unatoka wa kutosha. Kalisiamu glukoneti iwe karibu kwa dharura. Hakuna mashine hapo. Kuna muuguzi, saa na kinyundo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, tunaponunua au kuomba vifaa vya hospitali zetu, kapnografu isihesabiwe kuwa anasa ya hospitali za mijini. Ianzie chumba cha upasuaji na chumba cha kuamkia. Pili, hata siku itakapofika, haitakuwepo kwenye kila kitanda, kwa hiyo kuhesabu pumzi kuheshimiwe kama kipimo halisi. Mara nyingi nimeona safu ya pumzi kwenye karatasi ya mgonjwa imejazwa 20, 20, 20 kutoka juu hadi chini. Binadamu hapumui hivyo. Lakini muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini usiku atahesabu dakika nzima kwa nani na kumwacha nani? Tukitaka pumzi zihesabiwe, tuwaongeze watu wa kuzihesabu.

Tatu, linatuhusu sisi ndugu tunaolala chini ya vitanda. Mgonjwa wako akichomwa sindano ya maumivu, usiishie kutazama namba. Tazama kifua. Akianza kukoroma isivyo kawaida, akiwa mgumu kuamka, au pumzi zikiwa za kuhesabika kwa vidole, mwamshe na mwite muuguzi, hata kama unaogopa kumsumbua.

Usiku ule nilihesabu mpaka alfajiri. Ilipoadhiniwa shangazi alikuwa kwenye kumi na nne, akafungua macho akaniuliza kwa nini namkodolea macho kama mchawi.

Naomba kuwasilisha.