Mwandishi wa haki apewe chumba, si seli

Kuna ufadhili ambao waandishi wetu wa Kiswahili huusikia tu kwa mbali: ufadhili wa makao. Mwandishi hualikwa mahali patulivu, akapewa chumba, meza na mlo, kisha akaachwa na kazi yake kwa majuma au miezi. Haulizwi kodi ya nyumba wala karo ya watoto. Anachodaiwa ni kuandika.

Marekani ina mipango hii tangu zamani. James Baldwin alipokewa katika makao ya MacDowell mnamo 1954. Mwaka uo huo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma kulikiuka ahadi ya ulinzi sawa wa sheria, ahadi iliyokuwa katika katiba yao tangu 1868. Majaji walitoa uamuzi. Lakini mtu anaishije miaka na mikaka chini ya sheria isiyomlinda? Hilo hukumu haisimulii. Lilihitaji waandishi kama Baldwin, na waandishi huhitaji mahali pa kuandikia.

Je, sisi hapa Kenya? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mnamo Agosti 1968 nchi ilikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Vyama vilikuwa viwili: KANU kilichotawala, na KPU cha Jaramogi Oginga Odinga. Wagombeaji wa KPU walikataliwa takriban wote, ati fomu zao hazikujazwa sawasawa. Wale wa KANU wakapita bila kupingwa. Sheria ilikuwa moja na fomu zile zile, ila mkono uliozipokea ulijua kubagua.

Miezi michache baadaye, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kwa Kiswahili na kukiita 'Kenya: Twendapi?' Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akaanza kifungo cha miaka mitatu.

Basi serikali ikawa imempa makao! Chumba alipata, tena cha upweke. Mlo ulikuwepo. Ulinzi nao ulikuwepo, wa askari jela. Kilichokosekana ni karatasi, kwa hiyo akaandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi yakatoroshwa nje kisirisiri. Ndiyo yaliyokuwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973 na kushinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Yaani tuzo ilibeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Wakati huo mwenyewe alikuwa keshahamia Tanzania.

Abdilatif angalau alisomewa shtaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa siku ya mwisho ya 1977, baada ya mchezo wa Kikuyu wa wanakijiji wa Kamirithu, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mbele ya hakimu. Naye aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni za Kamiti. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, alizuiliwa mwaka 1982. Baadhi ya mashairi ya kizuizini tunayasoma katika Chembe cha Moyo.

Wapo wanaosema kwamba jela ndiyo iliyowakomaza waandishi hawa. Hoja hiyo naipinga. Tunawahesabu waliotoka na miswada mikononi; waliotoka mikono mitupu, au walionyamaza wasije wakaingia, nani amewahesabu? Moto hukomaza chungu, lakini vingine hupasuka humo humo tanuruni.

Mambo yamebadilika, lazima tukiri. Kosa lile la uchochezi lilifutwa katika marekebisho ya sheria ya 1997. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria na ana haki ya kulindwa nayo kwa usawa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Hata hivyo, nenda mahakamani. Tangu hapo sheria zetu za mwenendo wa kesi ziliipa Mahakama Kuu Kiingereza, na mahakama za chini zikaachiwa Kiingereza au Kiswahili. Mama mboga anayedai kibanda chake hukaa benchini akisikiliza hatima yake kupitia kinywa cha mkalimani. Kiswahili kina maneno mawili hapa, sheria na haki, na mwananchi anayatofautisha vizuri sana. Anaenda kutafuta haki, akifika anaelezwa sheria. Umbali ulio kati ya maneno hayo mawili ndio uwanja wa mwandishi.

Tuna tuzo, na ni jambo jema. Ile ya Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, imewainua wengi tangu 2014. Lakini tuzo humfuata aliyekwisha kumaliza mswada. Anayeanza, mwenye vipindi 27 vya kufundisha kwa wiki, haimfikii.

Ninachopendekeza si kikubwa. Chuo kikuu kimoja, kaunti moja na Idara ya Mahakama washirikiane. Watenge chumba Lamu, Mombasa au Kakamega, na mwandishi mmoja wa Kiswahili akae humo miezi sita. Asubuhi aketi mahakamani asikilize kesi za kawaida: za ardhi, za matunzo ya watoto, za wachuuzi. Jioni aandike. Asielekezwe la kusema, na mlango ufungwe kwa ndani, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Zaidi ya nusu karne iliyopita tulimjibu kwa pingu mtu aliyeuliza twendapi. Atakayeuliza leo tumjibu kwa meza na karatasi safi.