Umeshuka Dar, Bado Hujafika

Abiria aliyekuja kutoka Mbeya kwa treni ya TAZARA, akitaka kuendelea hadi Kigoma kwa reli ya kati, haungi safari yake kituoni. Anashuka kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, anabeba mabegi yake na kutafuta usafiri wa kumfikisha Stesheni, kule bandarini. Kama anakwenda Arusha kwa basi, itabidi aelekee Mbezi Luis, upande mwingine kabisa wa jiji. Dar es Salaam inapokea wasafiri wa nusu ya Afrika Mashariki na Kati, lakini tangu zamani ni nyumba yenye milango mingi isiyo na ukumbi wa kuiunganisha.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Wajerumani. Mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kituo kiliwekwa jirani na bandari kwa sababu kilichotakiwa haraka ni mzigo wa bara kuingia melini. Abiria alipanda kwenye reli iliyokusudiwa zaidi mizigo.

TAZARA ilikuja na hesabu nyingine. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita katika nchi za kusini zilizotawaliwa na walowezi wa Kizungu. Kwa kuwa ilipaswa kuungana na reli za Zambia, upana wake ni milimita 1,067, wakati reli ya kati ina milimita 1,000. Treni ya huku haiwezi kupita kule. Mzigo hatimaye ulijengewa kituo cha kuhamishia Kidatu, mkoani Morogoro. Abiria anahamia barabarani, kwa nauli yake. Mwaka 2024 treni za umeme zilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma, zilikuja na upana wa tatu, milimita 1,435.

Kazi ya kuunganisha milango hiyo iliachiwa mabasi. Mwaka 1974 yaligawanywa kwa mashirika mawili ya umma: UDA ilichukua mitaa ya jiji na KAMATA safari za mikoani. KAMATA ilikufa, ila jina lake bado linatajwa na makonda kila siku pale Gerezani. UDA nayo ilikuwa na Ikarus za Hungary, yale mabasi marefu ya kujikunja katikati ambayo watu waliyaita kumbakumba. Kisha ikaja Vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, na foleni vituoni zikawa za saa nzima na zaidi. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho, na mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu.

Tangu hapo jiji limebebwa na magari hayo ya watu binafsi, daladala. Za mwanzo nyingi zilikuwa chai maharage, magari ya mabenchi mawili yanayotazamana, magoti kwa magoti. Baadaye vikaja vipanya, kisha DCM na Coaster. Ninawaheshimu sana makonda wa enzi hizo. Mgeni kutoka Sumbawanga au Bujumbura hakuwa na ramani ya kufuata, ila sauti ya konda ikiita “Kariakoo, Posta!” ilimtosha. Michirizi ya rangi iliyokuja kupakwa ubavuni kulingana na njia ilimsaidia hata asiyejua kusoma.

Stendi za mikoani nazo zilizidi kusogea. Zamani mabasi yaliondokea Mnazi Mmoja na Kisutu, mahali mtu anapofika kwa miguu kutoka Kariakoo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakahamishiwa Ubungo. Kwa kuwa safari za usiku zilikuwa zimepigwa marufuku, karibu kila basi la mbali liliondoka saa 12 asubuhi, na abiria wa Mbagala au Kigamboni alilazimika kuwa njiani tangu saa 9 usiku, au kulala gesti za Manzese na Shekilango. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2023. Wakati huo stendi ilikuwa imeshahama tena: tarehe 24 Februari 2021 ilifunguliwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kilomita 20 hivi kutoka Posta. Ni stendi nzuri, ina nafasi, na haina vurugu za wapiga debe kama zile za Ubungo. Lakini njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kutumika mwaka 2016, iliishia Kimara, kabla ya kufika Mbezi.

Jaribio lililoelewa vizuri zaidi shida hii, kwa maoni yangu, ni treni ya Mwakyembe. Mwezi Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, mabehewa ya reli ya kati yalianza kubeba watu kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na ya TAZARA yakabeba watu hadi Mwakanga, yote kwa reli zilizokuwepo tayari. Kwa mara ya kwanza aliyeshuka basi Ubungo aliweza kwenda Stesheni bila kuingia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Miaka minane baadaye stendi ikapelekwa Mbezi, na hakuna reli iliyoifuata huko.